SOMO LA KAZI: KUSAFISHA GANDA LA MCHEZO WA MKONO



Katika karatasi hii mmezoea kusoma habari za mpira, majina ya waliofaulu, na maneno ya kufagia kiwanja. Leo mimi kapita mkubwa wa wanafunzi nimeomba nafasi ya kuandika somo la kazi ya mikono. Ni kazi ndogo: namna ya kusafisha ganda la plastiki la ile michezo ya mkono ya zamani, yenye wengi wetu tunaita tu «jeu». Mtasema: kapita anajua nini juu ya jeu, yeye mwenye kuzinyang'anya kila siku? Ninajua, kwa sababu niliharibu moja. Basi nitaanza na kosa langu, kisha tutaingia katika somo lenyewe. Mwishoni kuna maswali.

1. KOSA LANGU

Sheria mnaijua. Mchezo ukionekana wakati wa masomo, unachukuliwa, unakaa kabatini mpaka Jumamosi. Mwezi wa kumi, mbele ya mvua kuanza, nilichukua mchezo wa mtoto mmoja wa mwaka wa saba. Jina lake sitaliandika. Mama yake alimnunulia kitu kile katika soko hapa Kikula, katikati ya vitu vilivyokwisha kutumiwa Ulaya, kuwa zawadi ya kumaliza shule ya msingi. Ulikuwa Game Boy wa namna ya kwanza kabisa, ule mzito wa kijivu.

Ulikuwa mchafu sana. Kandokando ya vifungo kulikuwa duara nyeusi, na katika mistari yote ya ganda lilikaa vumbi letu jekundu, lile linaloinuliwa na magari ya madini katika njia ya Kolwezi na Lubumbashi. Niliona huruma. Nilijiambia: «Jumamosi nitamrudishia kikiwa safi, aone ya kuwa kapita si mtu wa kunyang'anya tu.» Wazo lilikuwa zuri. Lakini sikumuuliza mwenyewe, wala sikumuuliza mtu yeyote mwenye kujua.

Nyumbani nilitwaa dawa ya dada yangu ya kutosha rangi ya makucha, yenye wauzaji wanaita asetoni. Nilitia kidogo juu ya kitambaa, nikapangusa. Uchafu ulitoka mara moja! Nilifurahi, nikaongeza. Kisha nikasikia kitambaa kinanata. Nikakitazama: kilikuwa na rangi ya kijivu. Kumbe sasa sikuwa ninatosha uchafu, nilikuwa ninatosha ganda lenyewe. Nikalishika ili nilitazame vizuri, na kidole changu cha gumba kikazama kidogo, sawa katika mshumaa wenye joto. Baada ya dakika chache plastiki ikawa ngumu tena, lakini alama ya kidole changu ilibaki pale na mistari yake yote, sawa vile mtu anatia kidole katika wino kwa karatasi ya Leta.

Jumamosi yule mtoto akafika.

«Yaya kapita, nilikuya kutwaa jeu yangu.»

Nikampa. Akaigeuza, akaona mgongo wake.

«Iliungua?»

Hapa, wenzangu, ninawaambia ukweli. Ningeweza kusema ndiyo. Kabati liko karibu na ukuta wa jiko, na mimi ni kapita, yeye ni wa mwaka wa saba. Nani angemsadiki yeye? Nilinyamaza wakati mrefu kidogo.

«Apana,» nikasema, «haikuungua. Ni miye. Nilisafisha na dawa ya makucha.»

Hakukasirika kwa sauti. Aliuliza neno moja tu:

«Juu ya nini haukuniuliza kwanza?»

Sikuwa na jibu. Alikwenda, na ule mchezo ndani ya shati. Siku zilizofuata nilikwenda kwa mwalimu wetu wa kemia, na kwa fundi mmoja wa radio karibu na soko, nikajifunza yale niliyopaswa kujua mbele ya kugusa. Ndiyo haya.

2. GANDA NI KITU GANI

Huwezi kusafisha kitu kama hujui kimefanywa kwa nini. Game Boy ulitoka Japani katika mwaka 1989, katika kiwanda cha Nintendo. Mmoja wa wakubwa wa kazi hiyo aliitwa Gunpei Yokoi. Mtu huyu alipenda kutumia vitu vilivyokwisha kujulikana vizuri, vyenye bei ndogo na vyenye nguvu, kuliko vitu vipya vya kung'aa. Ndiyo sababu kioo chake hakikuwa na rangi nyingi, na mchezo ulitembea saa nyingi kwa majiwe manne madogo ya tochi. Pamoja na mdogo wake mwenye rangi, Game Boy Color wa mwaka 1998, iliuzwa zaidi ya milioni 118 katika dunia. Basi si ajabu kwamba mingine imefika mpaka soko letu.

Ganda lake ni la plastiki yenye kuitwa ABS. Herufi tatu hizo ni za vitu vitatu vilivyounganishwa: akrilonitrili, butadieni na stireni. Cha kwanza kinaipa nguvu mbele ya dawa nyingi, cha pili ni namna ya mpira na kinafanya ganda lisipasuke likianguka, cha tatu kinaipa ugumu na uso wenye kung'aa. Vile vijiwe vya LEGO vya kujengea vimefanywa na plastiki hiyo hiyo, na maganda mengi ya simu na radio pia.

ABS haiogopi maji, haiogopi sabuni. Lakini asetoni inaingia katikati ya nyuzi zake na kuziachanisha, mpaka kitu kigumu kinakuwa sawa na gundi. Asetoni ikiruka hewani, plastiki inakuwa ngumu tena katika sura yenye ilipata wakati ule. Sasa mnafahamu kidole changu.

3. UCHAFU NI KITU GANI

Wengi tunafikiri uchafu ni vumbi. Vumbi peke yake lingetoka kwa kupulizia. Uchafu wa mchezo wa mkono ni vitu vitatu pamoja: mafuta ya ngozi yetu na jasho, vipande vidogo sana vya ngozi iliyokufa, na vumbi lenye kushikamana juu ya hayo mafuta. Mafuta ndiyo gundi yake. Ukiondoa mafuta, vingine vyote vinaanguka.

Na cha kuondoa mafuta tunacho nyumbani: sabuni. Katika somo la kemia tumejifunza ya kuwa kila kipande kidogo cha sabuni kina kichwa na mkia. Kichwa kinapenda maji, mkia unapenda mafuta. Mikia inaingia katika mafuta, vichwa vinabaki nje katika maji, na maji yanayachukua yote pamoja. Mama zetu wanafanya hivyo kila siku na sufuria ya mawese. Sufuria ile haihitaji asetoni. Ganda nalo halihitaji.

4. VITU VYA KUTAYARISHA

Beseni la maji ya vuguvugu (si ya moto: maji yenye kuchemka yanaweza kukunja plastiki). Sabuni ya kuoshea sahani, au sabuni ya kipande iliyokwanguliwa ndani ya maji. Burosi ya meno ya zamani yenye nywele laini. Vijiti vya meno vya mti, si sindano, si kisu. Pamba. Kitambaa safi. Alkoli ya farmasi kidogo, kama inapatikana. Turnavisi yenye kufaa. Na sahani ndogo ya kutia visi.

Angalia jambo la turnavisi. Visi vya Game Boy vina alama ya mikono mitatu, havifanani na vile vya radio. Ukilazimisha kwa kisu, utakula kichwa cha visi, na ganda halitafunguka tena. Kama huna turnavisi ile, nenda kwa fundi, au usifungue: safisha ganda likiwa limefungwa, kwa kitambaa kilichokamuliwa sana.

5. NAMNA YA KUFANYA

Jambo la kwanza: muulize mwenyewe. Kama kitu si chako, mwenyewe akubali, na ni vizuri akae pale akiangalia.

Jambo la pili: ondoa majiwe, ondoa kaseti ya mchezo.

Jambo la tatu: fungua visi, na uvipange katika sahani sawa vile vilivyokaa katika ganda. Halafu fungua nusu mbili polepole. Ndani kuna utepe mwembamba wenye kuunganisha nusu ya mbele na nusu ya nyuma. Mwenye haraka anaukata.

Jambo la nne: tosha kibao cha umeme, kile chenye njia za shaba, na ukiweke mbali na maji. Tunaosha ganda na vifungo tu. Kibao hakiingii katika beseni hata siku moja.

Jambo la tano: jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwa mfano ndani ya mfuniko wa majiwe. Kama rangi haigeuki na plastiki hainati, endelea. Ningefanya jambo hili moja, singeandika somo hili.

Jambo la sita: loweka ganda katika maji ya sabuni kwa dakika kumi na tano hivi, kisha sugua kwa burosi, kwa duara ndogondogo, bila nguvu. Katika mistari na kandokando ya vifungo tumia kijiti. Kama mahali pana uchafu mgumu, usiongeze nguvu, ongeza wakati. Loweka tena.

Jambo la saba: kama mafuta ya zamani yanabaki, tia alkoli kidogo juu ya pamba, pangusa mara moja, kisha pangusa kwa maji. Usipitishe alkoli juu ya maandishi yaliyopigwa, inaweza kuyafuta. Usiitie juu ya dirisha la kioo, kwa sababu si kioo cha kweli, ni plastiki nyingine, na inaweza kuingia ukungu na mipasuko midogo. Pale ni maji na sabuni tu.

Jambo la nane: ile mipira iliyo chini ya vifungo ioshwe kwa maji na sabuni, lakini vile vidonge vyeusi vya nyuma yake usivisugue. Ni vya kaboni, ndivyo vinavyopitisha umeme unapofinya. Vikitoka, kifungo kimekufa.

Jambo la tisa: suuza kwa maji safi, pangusa, na uache vikauke kivulini siku nzima. Si juani! Jua linakunja na kubadilisha rangi. Usifunge ganda mbele ya kukauka kabisa, hata kama mwenyewe anakusukuma.

6. RANGI YA MANJANO SI UCHAFU

Mtakuta maganda mengine yamekuwa manjano sawa chai yenye maziwa. Mtu anasugua mpaka mkono unauma, na manjano haitoki. Haitatoka, kwa sababu haiko juu, iko ndani. Mwanga wa jua, joto na hewa vimegeuza plastiki yenyewe kwa miaka mingi.

Katika mwaka 2008 wapenzi wa kompyuta za zamani katika nchi za ng'ambo walieneza dawa moja ya kurudisha rangi ya kwanza, wakaiita Retrobright. Dawa yake kubwa ni peroksidi ya hidrojeni, pamoja na mwanga. Inafanya kazi, lakini ile yenye nguvu inaunguza ngozi na macho, inaweza kuacha mabaka, na mara nyingi manjano inarudi baadaye. Ninawashauri: acheni. Manjano haizuii mchezo kutembea. Kitu cha zamani si aibu kuonekana cha zamani.

7. MAJIWE YALIYOVUJA, NA MALAKITI YETU

Ukifungua mfuniko wa majiwe, pengine utaona unga mweupe, au kitu cha kijani juu ya vyuma. Hapa lazima kufikiri mara mbili. Soma kwanza maandishi ya jiwe lililovuja. Kama ni la «alkaline», maji yake ni ya upande wa besi: tumia siki au maji ya ndimu kidogo juu ya pamba. Kama ni jiwe la bei ndogo la zinki na kaboni, maji yake ni ya upande wa asidi: tumia bikarboneti ya kupikia katika maji kidogo. Kisha pangusa kwa maji kidogo, kausha vizuri. Usiguse unga ule kwa mikono halafu ukajipangusa macho.

Kile cha kijani, sisi wa Likasi hatuwezi kukishangaa. Shaba ikikutana na hewa na maji inageuka kijani, na mawe ya malakiti, yenye kila mtoto wa hapa ameokota, ni shaba ya namna hiyo hiyo. Kule Shituru wanatosha shaba katika mawe kwa asidi ya salfa. Wewe ukitia ndimu juu ya chuma cha kijani, unafanya kazi ya ndugu yake, lakini kwa asidi dhaifu na kwa tone moja. Asidi ya kiwanda haina kazi katika mchezo wa mtoto. Asiwepo mtu wa kujaribu!

Michezo iliyokuja baadaye, kwa mfano Game Boy Advance SP ya mwaka 2003, ina jiwe la litiumu la kuingiza umeme, kama simu. Hilo usilitoboe, usiliweke karibu na moto, usilioshe. Likivimba, usilitumie tena. Katika mengi ya majiwe hayo kuna kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa katika inchi yetu. Kwa hiyo kitu chenye kurudi kwetu na uchafu wa Ulaya, pengine sehemu yake ilitoka chini ya miguu yetu. Tukitunze.

8. VITU VYA KUKATAA

Asetoni: mmesoma.

Esanse: nayo inakula ABS, tena ni moto. Katika nyumba zetu, umeme ukikatika tunawasha mshumaa. Mshumaa na esanse katika chumba kimoja ni msiba.

Javeli: haitoshi mafuta vizuri, inaharibu rangi na visi. Na usiichanganye kamwe na siki au na ndimu, mvuke wake ni sumu ya mapafu.

Mchanga, majivu, unga wa kusugulia sufuria, na dawa ya meno: vyote vinakwangua. Ganda litaonekana safi siku ile, kisha mikwaruzo itashika uchafu kuliko mbele.

9. MWISHO WA HABARI

Wakati wa vita ya Ghuba ya mwaka 1990 na 1991, Game Boy mmoja wa askari wa Marekani uliungua. Ganda la mbele liliyeyuka na kuwa jeusi, lakini mchezo ukatembea, na kwa miaka mingi uliwekwa katika duka la Nintendo kule New York ili watu wautazame. Fundi wa radio ndiye aliyenipa habari hiyo, nilipokuwa nimekaa kwake na haya zangu. Akasema: «Ganda ni nguo tu. Ujue mutu wa ndani kama eko muzima.»

Nikamtafuta yule mtoto wa mwaka wa saba. Mchezo wake ulikuwa mzima. Safari hii nilimuuliza. Alifikiri, akakubali, kwa sharti yeye mwenyewe afungue visi. Tulifanya kazi Jumamosi nzima katika kivuli cha mwembe, na maji ya sabuni tu. Duara nyeusi zilitoka, vumbi jekundu likatoka. Alama ya kidole haikutoka, na haitatoka. Nilimwambia nitakusanya feza pole pole, ninunue ganda lingine kama litapatikana.

«Wacha, yaya,» akasema. «Sasa hakuna mwenye atabeba jeu yangu. Iko na kidole ya kapita.»

Alicheka, na mimi nikacheka, lakini kila nikiuona ule mchezo ninaona haya kidogo, na ni vizuri iwe hivyo. Nimekwenda pia kwa mkubwa wa nidhamu, naye amekubali: tangu sasa kila kitu kinachochukuliwa kitafungwa katika kitambaa pamoja na jina la mwenyewe, na hakuna kapita atakayekigusa mpaka Jumamosi. Mwaka huu ninafanya mtihani wa Leta, nitaondoka. Atakayekuwa kapita baada yangu aikute sheria hiyo imeandikwa.

Wenye kuwa na michezo, radio au mashini za kuhesabu zenye uchafu, mje Jumamosi saa nane chini ya mwembe. Mlete burosi yenu. Na msizilete darasani, kwa sababu nitazichukua.

MASWALI

1. Kwa nini maji peke yake hayaondoi uchafu wa mchezo wa mkono?
2. Eleza kazi ya kichwa na ya mkia wa sabuni.
3. Uchafu na rangi ya manjano vinaachana namna gani?
4. Jiwe la «alkaline» limevuja. Utatumia siki au bikarboneti? Kwa sababu gani?
5. Umeona kitu cha mwenzako ni kichafu, na dawa unayo mkononi. Jambo la kwanza ni lipi?